Ndege kiwi na aina zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikimtaja kiwi mbele ya watu, wa kwanza hukumbuka kopo la rangi ya viatu, wa pili huuliza kama ni lile tunda lenye manyoya, na wa tatu, akishaona picha ya yai likiwa tumboni, hushika kichwa. Maswali hayo na wenzake nimeyaweka hapa, yale mepesi mwanzo na yale ya pembeni mwisho. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine, nimeelekeza huko badala ya kurudia.

## Jina, nchi na ukoo

Kiwi ni nini hasa: ndege, tunda au rangi ya viatu?

Mwenye jina ni ndege. Wengine wameazima kwake.

Rangi ya viatu ilianza Melbourne, Australia, mwaka 1906. Mwanzilishi wake, William Ramsay, alikuwa na mke kutoka Oamaru, New Zealand, akachagua ndege wa kwao mke awe alama ya bidhaa. Ukilitazama kopo vizuri utamwona amesimama hapo, mgongo wa mviringo na mdomo mrefu ukielekea chini. Wengi wetu tumempiga brashi kila asubuhi ya shule bila kujua ni nani.

Tunda nalo asili yake ni China. Mbegu zililetwa New Zealand mwaka 1904 na mwalimu aitwaye Isabel Fraser, na jina la kiwi lilibandikwa mwaka 1959 na wafanyabiashara waliotaka jina tamu la kuuzia Wamarekani. Ndege alikuwako mamilioni ya miaka kabla ya hesabu hizo zote.

Na "kiwi cha macho" je?

Hakuna undugu. Kiwi cha macho ni neno letu wenyewe: ule weupe unaokukamata ukitoka chumba chenye giza ukakutana na jua la saa sita. Jina la ndege limetoka kwa Wamaori, wenyeji wa New Zealand, na wengi huliona kuwa ni mwigo wa mlio wa dume. Kwa hiyo tunasema "kiwi huyu" na "kiwi hawa" tukimaanisha ndege, na "kiwi hiki" tukimaanisha macho. Hata hivyo yamesadifiana, maana huyu ndege na macho hawaelewani sana. Tazama swali la mwisho kabisa.

Wanaishi wapi?

New Zealand tu. Wapo Kisiwa cha Kaskazini, Kisiwa cha Kusini, Rakiura (kisiwa kikubwa cha tatu, kusini kabisa) na visiwa vidogo kadhaa walikohamishiwa kwa usalama. Hukaa misituni, vichakani, kwenye nyasi ndefu, hata kwenye mashamba ya misonobari, na baadhi yao hupanda milimani penye theluji. Afrika hakuna kiwi wa porini wala hajawahi kuwako.

Kweli ni ndege? Mbona anafanana na mnyama?

Ni ndege, ila ukimtazama utaelewa kwa nini watu wanasita. Manyoya yake yamelegea kama nywele. Ana masharubu kama ya paka kuzunguka mdomo. Mkia hana. Mabawa anayo, lakini ni vijiti vya sentimita chache vilivyofichwa ndani ya manyoya, kila kimoja na kucha ndogo nchani. Mifupa yake ina uboho ndani, tofauti na mifupa yenye uwazi ya ndege wengi wanaoruka. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 38, karibu na la kwako na langu, na chini ya la ndege wengi. Analala shimoni mchana na kutoka usiku.

Sababu ni kwamba New Zealand haikuwa na wanyama wa nchi kavu wanaonyonyesha, isipokuwa popo. Hapakuwa na panya, wala paka, wala kalunguyeye wa kunusanusa majani usiku akitafuta wadudu. Kazi ile ilikuwa wazi, na kiwi akaishika. Shika hilo moja, maana karibu kila jibu linalofuata linarudi hapo: ndege aliyejifunza kuishi kama mnyama katika nchi isiyo na wanyama, mpaka siku wanyama walipofika kwa meli.

Je, ni ndugu wa mbuni?

Ndiyo, lakini wa mbali. Wako katika kundi moja kubwa la ndege wasioruka pamoja na emu na kasuari. Ndugu wa karibu zaidi anatushangaza sisi wa upande huu wa bahari: ni ndege tembo wa Madagaska, lile jitu lililotoweka ambalo yai lake moja lingejaza ndoo ndogo. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2014 ndio uliothibitisha hilo. Kabla yake watu walidhani nduguye ni emu wa Australia, jirani yake, au moa, ndege mkubwa wa New Zealand aliyekwisha.

Madagaska na New Zealand zilitengana zamani mno, na baina yake kuna bahari tupu. Maana yake ni kwamba babu zao waliruka. Kila ukoo ulifika kwake kwa mabawa, kisha ukayaacha huko huko, mmoja ukawa mkubwa kuliko mbuni na mwingine ukabaki na kimo cha kuku.

Kwa nini haruki?

Wanasayansi watakuambia kuruka kunakula nguvu nyingi, na palipo na chakula chini na hakuna adui wa kutambaa, mabawa ni mzigo. Vizazi vinavyopita huyapunguza. Kiwi amepoteza hata ule mfupa wa kidari unaojitokeza mbele, ambao kwa kuku ndio unaoshika minofu ya kifua. Kupotea kwa mfupa huo kuna gharama utakayoiona kwenye swali la mbwa.

Wamaori wana maelezo yao, na mimi huyapenda zaidi. Tane Mahuta, mlinzi wa msitu, aliona miti yake inaliwa na wadudu kutoka chini. Akawaita ndege, akauliza nani atashuka kukaa sakafuni mwa msitu. Tui akaogopa giza. Pukeko akasema ardhi ina unyevu, hataki kulowesha miguu. Pipiwharauroa akasema anajenga kiota. Kiwi akatazama jua likichuja kwenye majani, akawatazama jamaa zake, akakubali, hali ameshaambiwa kwamba atapoteza mabawa na rangi zake na hataliona jua tena. Wale wengine walipewa alama zao: tui ana vishungi viwili vyeupe kooni, alama ya woga; pukeko anaishi kwenye matope mpaka leo; na pipiwharauroa, aliyesingizia kiota, hajengi tena, hutaga kwenye viota vya wenzake.

## Mwili na maisha ya usiku

Anapataje chakula gizani?

Kwa pua. Kiwi ndiye ndege pekee mwenye matundu ya pua kwenye ncha ya mdomo, si kwenye shina lake kama kuku au kunguru. Nchani hapo pia kuna vishimo vidogo vyenye mishipa ya fahamu, inayohisi mtikisiko wa kiumbe anayetembea ndani ya udongo.

Ukikaa kimya karibu naye utamsikia kabla ya kumwona. Anakuja akigonga chini kwa mdomo, kama mzee mwenye bakora anayetafuta njia. Anasimama. Ananusa, na mnuso wake una sauti. Kisha anauzamisha mdomo mpaka usoni, anausukasuka mbele na nyuma kupanua tundu, anatoa nyungunyungu na kummeza. Halafu anapiga chafya ndogo, maana udongo umeingia puani. Asubuhi yake msitu umejaa vitundu vya umbo la faneli, na hapo wataalamu hujua amepita.

Zaidi ya nyungunyungu anakula mabuu, chenene, buibui, na matunda yaliyodondoka.

Nimesoma kwamba ana mdomo mfupi kuliko ndege wote. Si ni mrefu?

Ni mzaha wa vipimo. Baadhi ya wataalamu hupima mdomo wa ndege kuanzia tundu la pua hadi ncha. Kwa kuwa pua yake iko nchani, hesabu inatoka karibu sifuri. Kwa macho ya kawaida mdomo ni mrefu, na wa jike ni mrefu kuliko wa dume.

Analia vipi?

Dume hupiga mbinja kali inayopanda, akiirudia mara nyingi mfululizo. Jike hujibu kwa sauti nzito yenye mkwaruzo, kama mtu aliyekauka koo. Huitana ili kujulishana walipo na kuwatangazia majirani kwamba eneo lina wenyewe. Kwa vile ni vigumu kuwaona, milio ndiyo hutumika kuwahesabu: watu wa kujitolea huketi gizani masaa kadhaa wakiandika kila mlio, saa uliposikika na upande uliotoka.

Ni kweli yai lake ni kubwa kupita kiasi?

Kweli tupu. Jike wa aina iitwayo kiwi wa kahawia wa Kaskazini ana kilo 2.8 hivi, na yai lake lina gramu 430 au zaidi kidogo. Chukua mayai 7 ya kuku, yaweke kwenye mizani, ndipo ulione hilo moja. Ni kama asilimia 15 ya uzito wa mama, na kwa aina nyingine hufika 20. Mama wa kilo 60 angekuwa anajifungua mtoto wa kilo 9 hadi 12.

Siku za mwisho kabla ya kutaga, yai hujaza tumbo kiasi kwamba chakula hakina pa kukaa, na jike hufunga siku mbili tatu. Picha ya eksirei mnayoirushiana kwenye simu, ile yenye yai limebana kila kitu, si ya kutengeneza.

Ukubwa wa yai una faida, kwa sababu ndani yake kiini ni kama asilimia 65. Kwenye yai la kuku ni theluthi moja tu. Hicho kiini ndicho akiba ya kifaranga; tazama swali la malezi.

Nani anaatamia?

Inategemea aina. Kwa kiwi wa kahawia wa Kaskazini na kiwi mdogo mwenye madoa, dume ndiye anayelala juu ya yai, na anaweza kukaa humo siku 75 hadi 85 au zaidi. Kuku, kwa kulinganisha, anamaliza kwa siku 21. Rowi na roroa, aina nyingine mbili utakazokutana nazo chini, hupokezana, dume mchana na usiku wanagawana. Kwa tokoeka, aina ya kusini, wale wa Rakiura mambo ni ya ukoo mzima: watoto wakubwa hubaki nyumbani na kusaidia kuatamia mdogo wao.

Jike si mvivu, nadhani hilo liko wazi ukikumbuka jibu lililotangulia. Kiwi wa kahawia hutaga mayai mawili kwa zamu, na la pili huja wiki tatu au nne baada ya la kwanza.

Kifaranga hulishwa na nani?

Na yai lake mwenyewe. Kifaranga huvunja ganda kwa mateke, hana jino la kutobolea. Anatoka akiwa na manyoya kamili, amefanana na mkubwa aliyepunguzwa kipimo, na tumbo limevimba kwa kiini kilichobaki. Siku kama 10 za kwanza anaishi kwa akiba hiyo. Baadaye anatoka shimoni mwenyewe kujifunza kuchokonoa udongo. Baba yupo karibu, lakini hamtilii chochote mdomoni.

Zamani mpango huo ulitosha. Siku hizi ndio unaowaua, maana mtoto asiyejua hatari anatembea peke yake gizani.

Anaishi miaka mingapi?

Akivuka utoto, miaka 30 hadi 50 si ajabu.

## Aina za kiwi

Kuna aina ngapi?

Tano. Vitabu vya zamani vitakuambia tatu: wa kahawia, mkubwa mwenye madoa na mdogo mwenye madoa. Vinasaba vilipoanza kupimwa miaka ya 1990, yule "wa kahawia" akaonekana kuwa watu watatu tofauti waliovaa nguo zinazofanana. Hivyo usishangae kukuta hesabu mbili. Iliyo sahihi leo ni tano.

Kiwi wa kahawia wa Kaskazini ni yupi?

Huyu ndiye ambaye watu wengi hukutana naye, na ndiye wa kwenye bustani za wanyama za nchi za nje. Jina lake la kisayansi ni Apteryx mantelli. Ana manyoya ya kahawia yenye wekundu, ncha zake zinachoma kidogo ukizigusa. Anaishi Kisiwa cha Kaskazini na anastahimili mazingira ya kila namna, hata kando ya mashamba. Ndio faida yake, na ndiyo inayomkutanisha na mbwa.

Tokoeka je?

Apteryx australis, wa kusini. Ngozi yake ndiyo iliyofika Uingereza kwanza, mikononi mwa nahodha Andrew Barclay, na mwaka 1813 George Shaw akampa jina la kisayansi lenye maana ya "asiye na bawa, wa kusini". Wazungu wengi waliona ngozi ile wakadhani ni mchezo, hakuna ndege wa namna hiyo.

Jina la Kimaori linachekesha: tokoeka hufasiriwa kuwa "weka mwenye bakora". Weka ni ndege mwingine wa huko asiyeruka, mwenye umbo linalokaribiana. Mpe bakora, yaani mdomo mrefu, na umepata kiwi.

Ndani ya aina hii kuna makundi yaliyotengana: wa Fiordland, wa Rakiura na wa Haast. Wa Haast ni mia chache tu, wanakaa milimani hadi mpaka wa theluji. Wa Rakiura ni maelfu na wana tabia zao, ikiwamo kutembea mchana. Tazama maswali ya pembeni.

Rowi ni nani?

Ndiye adimu kuliko wote. Anaishi kiasili sehemu moja, msitu wa Okarito, pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kusini. Ana rangi ya kijivu, na wengine wana mabaka meupe usoni kama wazee walioanza mvi. Alitambuliwa rasmi kuwa aina yake mwenyewe mwaka 2003.

Miaka ya 1990 walikuwa wamebaki chini ya 200. Msitu ulikuwa na wazee watupu, kwa sababu kila kifaranga kilichoanguliwa kililiwa. Aina ya ndege inaweza kufa kimya namna hiyo: unasikia milio kila usiku, unaona wapo, kumbe ni wazee wanaosubiri siku zao. Waliokolewa kwa kuchukuliwa mayai (tazama swali la mayai), vifaranga vikakuzwa kwenye kisiwa cha Motuara kisicho na maadui, kisha wakarudishwa. Sasa wanahesabiwa kwa mamia kadhaa.

Roroa, au kiwi mkubwa mwenye madoa?

Ndiye mkubwa wao. Jike hufika kilo 3.3 na zaidi. Ni wa milima ya kaskazini mwa Kisiwa cha Kusini, na miinuko ya baridi na mvua imemlinda kwa sehemu, kwani maadui ni wachache huko juu. Manyoya ni ya kijivu yenye mistari myepesi, si madoa hasa. Ni mkali kwa wanaoingia eneo lake.

Kiwi mdogo mwenye madoa, kwa nini hadithi yake inarudiwa sana?

Kwa sababu alikaribia kwisha. Kiwi pukupuku, kama Wamaori wanavyomwita, ana kilo 1.2 hivi. Udogo huo una maana mbaya: aina nyingine mtu mzima anaweza kumpiga teke mnyama mdogo akakimbia, lakini huyu huwindwa hata akiwa mkubwa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ametoweka porini kwenye visiwa vikuu viwili.

Kilichomwokoa ni ndege wasiozidi watano waliopelekwa kisiwa cha Kapiti mwanzoni mwa karne ya 20. Kutoka hao wametoka karibu wote waliopo leo, wapatao 2,000, kwenye visiwa na kwenye hifadhi zilizozungushiwa uzio kama Zealandia, ndani ya jiji la Wellington. Uzazi wa ukoo mmoja una hatari zake, kwa hiyo mwaka 2025 ilipotangazwa kwamba wamepatikana wengine porini kwenye milima ya pwani ya magharibi, baada ya karibu miaka 50 bila kuonekana porini kwenye visiwa vikuu, wahifadhi walikuwa na sababu ya kufurahi: hao huenda wana damu tofauti.

Nitawatofautishaje nikiwaona?

Kwanza uliza uko wapi. Mipaka yao haichanganyiki sana, na mahali ndipo panapojibu kabla ya rangi. Kisiwa cha Kaskazini porini, ni wa kahawia. Okarito, ni rowi. Rakiura, ni tokoeka. Kati ya dume na jike, mwenye umbo kubwa na mdomo mrefu ni jike.

## Hatari na uhifadhi

Wamebaki wangapi?

Karibu 70,000 kwa aina zote. Mahali pasipo na ulinzi hupungua kwa takriban asilimia 2 kila mwaka. Palipo na mitego na walinzi, wanaongezeka.

Nani anawaua?

Vifaranga huuawa zaidi na stoti, mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche, mwepesi, anayeingia shimo lolote. Hakuja mwenyewe. Walowezi walileta sungura, sungura wakala malisho ya kondoo, basi miaka ya 1880 wakaletwa stoti wawale sungura. Wanyama wakaona kuna chakula kilicho rahisi zaidi. Wapo walioonya wakati huo, hawakusikilizwa.

Bila ulinzi, vifaranga 95 kati ya 100 hufa kabla ya kukua. Akifika kilo 1 hivi anaweza kujitetea kwa mateke, ndiyo maana utaona namba hiyo ya kilo 1 inatajwa kila mahali katika mipango ya uhifadhi. Paka hushirikiana na stoti katika uharibifu huo. Wakubwa huuawa na fereti, ndugu mkubwa wa stoti, na magari, na zaidi ya yote mbwa.

Mbwa wangu ni mpole. Anaweza kumdhuru kiwi?

Anaweza, bila hata kukusudia. Kumbuka kiwi hana mfupa wa kidari wala minofu mizito ya kifua. Mbwa akimbeba kwa upole kama anavyobeba mpira, mbavu zinavunjika. Na kiwi ana harufu kali ambayo mbwa huipenda. Anaifuata bila kufundishwa.

Mwaka 1987, msitu wa Waitangi ulikuwa na kiwi wapatao 900. Watafiti walikuwa wamewavalisha 23 redio ndogo. Ghafla wale wenye redio wakaanza kukutwa wamekufa, mmoja baada ya mwingine, wameuawa lakini hawakuliwa, wengine wamefukiwa na majani. Walikufa 13 kati ya wale 23. Mwuaji akaja kugundulika: mbwa mmoja wa aina ya German shepherd aliyeachwa msituni. Alipopigwa risasi, mauaji yakakoma. Kwa kupiga hesabu ya wasio na redio, inakadiriwa aliua hadi 500 kwa wiki chache. Mbwa mmoja.

Ndiyo maana leo mbwa wa wawindaji na wa mashambani hupelekwa mafunzo ya kumwogopa kiwi, na sehemu nyingi mbwa haruhusiwi kabisa.

Kuchukua mayai porini si ni wizi?

Ni kuazima. Mpango ulianza mwaka 1994. Wataalamu humfuata dume mwenye redio mguuni, hulitoa yai shimoni, hulipeleka kwenye mashine ya kuangulia, na kifaranga hukuzwa kwenye kisiwa au eneo lenye uzio mpaka afike ile kilo 1. Kisha hurudishwa msituni. Nafasi ya kuishi, iliyokuwa 5 kati ya 100, inapanda mara nyingi zaidi.

Ni kazi ghali, na wenyewe wanakiri kwamba haiwezi kuwa ya milele. Dawa hasa ni kupunguza maadui ili kiwi wazae wenyewe. Kwa sababu hiyo New Zealand imejiwekea lengo la kuwaondoa stoti, panya na posamu (mnyama wa mitini aliyeletwa kutoka Australia) nchi nzima ifikapo 2050. Mwishoni mwa 2022, baada ya maelfu ya mitego kutegwa kwenye vilima karibu na Wellington, kiwi walirudishwa huko kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya karne.

Na sumu inayomwagwa kwa helikopta?

Huitwa 1080, na inagombanisha watu. Inatumika kwenye misitu mikubwa ambako mitego haifiki. Wapinzani wanahofia wanyama wasiolengwa na maji. Idara ya Uhifadhi inasema bila hiyo vifaranga haviponi. Kiwi mwenyewe hana hamu na vidonge hivyo. Kwa maoni yangu, anayeipinga anadaiwa jibu moja: stoti kwenye milima isiyo na njia ataondolewa na nini?

## Maswali ya pembeni

Kuna kiwi mweupe?

Wapo wachache sana. Maarufu alikuwa Manukura, jike wa kahawia wa Kaskazini aliyeanguliwa mwaka 2011 kwenye kituo cha Pukaha akiwa mweupe pe. Hakuwa zeruzeru, macho yake yalikuwa na rangi ya kawaida. Ni manyoya tu yaliyokosa rangi. Alikufa Desemba 2020.

Nimeona video ya kiwi akitembea mchana. Mgonjwa?

Si lazima. Ikiwa ni Rakiura, ni kawaida. Kiangazi cha kusini kabisa usiku ni mfupi, na tokoeka asipotosheka huendelea kutafuta baada ya jua kutoka. Sehemu nyingine, kiwi wa mchana anaweza kuwa amefukuzwa shimoni, ana njaa au amejeruhiwa, na wa kuarifiwa ni Idara ya Uhifadhi.

Naweza kumfuga au kumshika?

Hapana. Analindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 1953. Hata kwenye bustani za wanyama wageni hawapaswi kumpapasa. Mwaka 2023 ilisambaa video ya bustani moja ya Marekani ikionyesha kiwi chini ya taa kali akishikwashikwa na wageni. Watu wa New Zealand walikasirika mno, na bustani ikaomba radhi na kuacha.

Kwa nini watu wa New Zealand huitwa kiwi?

Lilianza kwa wanajeshi wao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, likaenea kwa taifa. Hawaoni tusi. Ndege yuko kwenye sarafu ya dola moja, na, hili hunichekesha kila mara, yuko kwenye alama ya jeshi lao la anga.

Manyoya yake yana kazi gani kwa Wamaori?

Hutengenezea kahu kiwi, joho la heshima la watu wakubwa. Manyoya hufumwa moja moja kwenye kitambaa cha nyuzi za mmea. Siku hizi ndege hawauawi kwa hilo. Manyoya ya waliokufa kwa ajali au maradhi hukabidhiwa kwa koo husika.

Ni kweli kuna kiwi vipofu wanaoishi vizuri?

Kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwachunguza rowi 160 hivi wa Okarito. Theluthi moja walikuwa na dosari machoni, na watatu walikuwa vipofu kabisa, macho yote mawili. Watafiti walitarajia kukuta ndege waliokonda. Wakawapima: wamenona, wana afya, wanakula kama wenzao. Ndege mwingine yeyote wa porini akipofuka, kesho yake ni mzoga. Rowi hawa waliachiwa, wakaingia vichakani wakigonga chini kwa mdomo.